Mtafsiri wa filamu na kina Sayunda wa Kibondo

Saa nane na nusu mchana, Gasper Ntabaye ananyoosha mkono wenye rimoti na kuisimamisha picha. Kwenye televisheni, mwanamke aliyelowa mvua amekwama katikati ya mbio, mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Gasper anashusha maiki hadi kifuani, anafunua daftari lililo magotini, anafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho wa ukurasa, kisha anaipandisha maiki tena.

"Hapa huyu mama anamwita mtu," anasema taratibu. "Anachosema sijui. Sijaandikiwa. Nikijua nitawaambia."

Banda zima linaguna. Ni banda la mabati nyuma ya soko la Kibondo mjini, lenye mbao kumi na mbili za kukalia na jenereta inayonguruma nje ya ukuta. Ndani wamo watu ishirini na sita, kila mmoja amelipa shilingi mia mbili mlangoni.

"Fundi, hela umekula halafu hujui?" anauliza kijana wa bodaboda, kofia ngumu mapajani.

"Tunga tu, anko," mwenzake anamsaidia. "Zamani ulikuwa unatunga vizuri."

"Kwanza huyu si ndiye yule mchawi?" anadakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Mimi namkumbuka. Ndiye aliyekuwa akimfukuza Sayunda. Leo amekuwa mama tangu lini?"

Watu wanacheka. Gasper hacheki. Anaiangalia maiki, ambayo imefungwa kwenye kijiti kwa mpira wa tairi la baiskeli.

"Hakuwahi kuwa mchawi, dada," anajibu. "Uchawi nilimtia mimi."

Kisha anabonyeza rimoti, na yule mwanamke anaendelea kukimbia.

Gasper ana miaka arobaini na moja, na kazi yake ni kutafsiri filamu. Anakaa kando ya televisheni na kusema kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwa lugha za watu wengine: sauti nene ya askari, sauti ya kizee, kilio cha mtoto. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Wilayani Kibondo wako watu wazima ambao hawajawahi kuona filamu isiyo na sauti yake.

Alizaliwa Murungu, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa maharage na muhogo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1988 na hakuendelea. Kiingereza alijifunza mwenyewe kwa kamusi aliyoinunua mnadani, ambayo kurasa za herufi tatu za mwanzo zilikuwa zimechanwa.

"Mpaka leo maneno ya A, B na C yananisumbua," anasema. Huo ndio utani pekee atakaoutoa siku nzima.

Mwaka 2005 alikuwa mwangalizi wa jenereta katika banda hilihili, mali ya Bi Mwajabu, mfanyabiashara aliyehamia Kibondo kutoka Ujiji. Siku moja mtafsiri wa kwanza alipanda basi la Kasulu asubuhi na hakurudi. Mchana watu walikuwa wamekwisha lipa na kukaa.

"Nilimwambia, Gasper, wewe si una mdomo? Kaa pale useme," anakumbuka Bi Mwajabu. "Akakaa. Akasema. Watu wakarudi kesho yake na wenzao."

Namna yake ya kutafsiri alijitungia siku ileile. Sehemu aliyoielewa aliitafsiri, na asiyoielewa aliisoma kwa macho. Aliyekunja uso alikuwa mbaya. Aliyevaa safi alikuwa mwema. Wawili wakinong'ona, wanapanga njama. Na kwa kuwa majina ya kigeni yalimpita masikioni kama upepo, aliwapa wahusika majina ya kichwani mwake.

"Nilijiambia kwamba mdomo wake nauona, macho yake nayaona, kinachokosekana ni maneno tu," anasema. "Niliona ni kitu kidogo kukosekana."

Masika ya mwaka 2008, Bi Mwajabu alileta tamthilia ndefu kutoka nchi za mbali mashariki, CD ishirini na nne ndani ya mfuko wa nailoni, bila kasha wala picha. Lugha haikujulikana. Chini ya picha hapakuwa na maandishi. Gasper aliitafsiri yote kwa macho, jioni baada ya jioni, kwa wiki nane.

Ndani yake alikuwamo msichana aliyevaa nguo nyeupe, aliyembeba mtoto mchanga kuvuka milima na mito. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye nywele timutimu na gauni lililochanika, akikimbia na kupiga kelele. Gasper alimfanya wa kwanza muuguzi mwenye huruma anayemwokoa mtoto. Wa pili akamfanya mchawi. Yule muuguzi alimpa jina la Sayunda.

"Jina lilinitoka mdomoni bila kulipika," anasema. "Halina maana. Nimelitafutia maana miaka yote hii, halina."

Wakati ule banda halikupungua watu sitini. Kila Sayunda alipovuka mto salama, watu walipiga makofi. Kila yule mwingine alipoanguka matopeni na kulia, walicheka. Gasper aliongezea kicheko kwa kumtengenezea sauti ya kukwaruza, kama mlango wa bati.

Kabla ya mwaka kuisha, Sayunda alikuwa ametoka kwenye televisheni na kuingia kliniki.

Loyce, muuguzi kutoka Iringa aliyepangiwa kazi wilayani mwaka huo, anakumbuka kadi tatu za watoto zenye jina hilo ndani ya wiki moja. "Niliwauliza akina mama, hili ni jina la Kiha? Wakasema, hapana dada, hilo ni la Kizungu. Mimi nikadhani ni lao, wao wakadhani ni la kwetu wageni."

Kwa Waha, jina si jambo dogo la kuokota. Kwa kawaida babu mzaa baba ndiye anayelitoa, siku mtoto anapotolewa nje ya nyumba mbele ya ndugu. Babu huja nalo moyoni na hamwambii mtu. Jina laweza kuwa shukrani, laweza kuwa jibu kwa jirani mwenye maneno, laweza kuwa neno zima kama Niyibizi, yaani Mungu ndiye anayeyajua hayo. Akilitamka, limekaa.

Lakini vijana wa mwaka ule walikuwa na jina lao tayari. Gasper aliitwa kwenye sherehe zao kama mgeni wa heshima. Alikalishwa kwenye kiti cha mbele, akaletewa pombe ya ndizi, akapewa kuku wa kurudi naye. Mara moja alipewa debe la maharage.

"Nilikula," anasema, na hapo anageuza uso kuelekea mlangoni. "Kuku wote nilikula."

Miaka mitano ilipita hivyo. Machi 2013 alipanda basi hadi Makere kutafuta CD mpya katika soko la pamoja, ukingoni mwa kambi ya Nyarugusu, ambako wenyeji na wakimbizi wa Kongo huuziana unga, vitenge, sabuni na betri. Hapo alimkuta Polycarpe, mwalimu wa zamani kutoka Fizi, akitafsiri filamu kwenye kibanda cha turubai. Televisheni ilionyesha msichana mwenye nguo nyeupe.

Ilikuwa tamthilia ileile. Lakini CD za Polycarpe zilikuwa zimetiwa sauti za Kifaransa, na Kifaransa Polycarpe alikifundisha miaka kumi na minne.

Gasper alikaa nyuma. Anasema alikuwa akitabasamu, kama mtu aliyekutana na ndugu. Akamgusa bega mama aliyekaa mbele yake, akamwambia kwa furaha: "Huyu ni Sayunda. Kwetu watoto wanaitwa hivyo. Muuguzi aliyeokoa mtoto."

Mama huyo alikuwa Louise, mke wa Polycarpe. Aligeuka akamtazama.

"Muuguzi gani, papa?" akauliza. "Ule ni mwizi. Aliiba mutoto pa hospitali, anaenda kumuuzisha. Mama ya mutoto ni ule anayekimbia nyuma."

"Yule mwenye nywele chafu?"

"Atachana nywele wapi? Analala mu pori, anatafuta mutoto wake." Louise aliendelea kumtazama. "Kwenu munamuita nani?"

Gasper aliitazama televisheni. Louise akauliza tena, na watu wa ubao ule wakageuka.

"Mchawi," Gasper akasema.

"Na akilia?"

"Tunacheka, mama."

Louise aligeukia televisheni. Ni Polycarpe aliyemweleza Gasper baadaye, wakinywa chai nje ya turubai, kwamba mwaka 1996 walipokimbia waliondoka nyumbani wakiwa na watoto watatu na wakafika ziwani wakiwa na wawili.

Alirudi Kibondo bila CD hata moja. Mtu angedhani siku ya pili yake angesimama mbele ya banda na kusema. Hakusimama. Kwa miezi mitano alinyamaza, akaendelea kutafsiri kwa macho, akaendelea kuamkiwa njiani na akina mama waliowabeba kina Sayunda.

"Niliona nikisema nitapoteza kazi. Hiyo ndiyo kweli, sina nyingine nzuri zaidi," anasema. "Halafu nilijiambia, jina ni sauti tu. Litamdhuru nani?"

Jibu alilipata mwezi Agosti, nyuma ya mashine ya kusaga. Watoto walikuwa wakicheza mchezo wanaouita Sayunda. Mmoja anakimbia na mdoli wa magunzi. Mwingine anamfuata huku akilia, "Mtoto wangu, mtoto wangu," na waliobaki wanampiga kwa magunzi mpaka aanguke. Siku ile aliyekuwa mchawi alikuwa msichana mdogo wa miaka mitano hivi, na alikuwa akilia kweli.

Gasper aliuvunja mchezo. Je, alikwenda kukiri usiku huohuo? Hapana, yeye ni mtu wa taratibu. Alikaa siku tatu. Siku ya nne alinunua daftari la kurasa themanini na kuandika ukurasa wa kwanza kina Sayunda wote aliowajua, majina ya wazazi wao, na vijiji vyao. Walifika kumi na mmoja, wote wasichana. "Wako wengine," anasema. "Hao ni wale niliokula kwao."

Januari mwaka huu alianza kuwatembelea kwa baiskeli, nyumba moja baada ya nyingine, siku ambazo banda limefungwa. Kila nyumba alisema maneno yaleyale, kwa sababu aliyaandika asije akayapamba: kwamba hakuijua lugha ile, kwamba alitunga, kwamba Sayunda alikuwa mwizi wa mtoto, na kwamba anaomba radhi.

Majibu hayakufanana. Baba mmoja wa Murungu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mtoto akiitwa anaitika, basi." Mama mmoja alimwuliza kama anataka kurudishiwa jina lake. Nyumba mbili zilikwisha badilisha kwa ubatizo. Katika nyumba ya saba, kijana aliyewahi kumpa kuku alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Kaka, ungeninyamazia tu." Gasper anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko matusi.

Kazini nako mambo yalibadilika. Sasa hatafsiri filamu asiyoielewa. Polycarpe humwandikia maneno kwenye karatasi, na madereva wa Kasulu humletea. Karatasi isipofika, Gasper husema mbele ya watu kwamba hajui. Watazamaji sitini wamekuwa ishirini na kitu. Mgawo wake ni nusu ya kiingilio. Zamani aliondoka na shilingi elfu sita kwa siku, leo ataondoka na elfu mbili na mia sita.

"Namvumilia kwa sababu haibi," anasema Bi Mwajabu akihesabu sarafu mlangoni. "Lakini Gasper, 'sijui' haiuziki. Umewahi kuona mtu ananunua 'sijui'?"

"Uongo niliuuza, Bi Mwajabu, ukanunuliwa," anamjibu.

"Ndiyo maana nasema."

Mwaka ulikwenda na daftari likafutwa mstari baada ya mstari. Majina kumi yalipigwa msalaba kufikia Juni. La kumi na moja lilibaki mpaka mwezi huu wa Novemba: Sayunda binti Longinus, kijiji kimoja kata ya Kitahana. Mara tatu Gasper alitoka na baiskeli kuelekea huko, na mara tatu aligeuzia baiskeli njia panda na kurudi.

Nyumba ile ilikuwa na jambo ambalo nyumba nyingine hazikuwa nalo. Mwaka 2008, siku ya kumtoa mtoto nje, babu alikuwapo. Mzee Nestori, baba yake Longinus, alikuwa amevaa koti lake na amekuja na jina moyoni kama ilivyo desturi. Gasper alikuwa amekaa kiti cha mbele. Kabla mzee hajafungua kinywa, Longinus alisema, "Baba, huyu tumekwisha mwita Sayunda."

Mzee aliuliza: "Sayunda ni nani wenu?"

Longinus akamjibu kwamba ni mwanamke aliyeokoa mtoto, na kwamba mzee hawezi kumjua kwa kuwa haendi kwenye video. Watu wakacheka kidogo. Mzee Nestori alinyanyua kigoda chake. "Jina nililokuja nalo narudi nalo," akasema, akaondoka.

Tangu siku ile hajalitamka jina la mjukuu wake wala hajamwambia mtu lile alilokuja nalo. Wakikutana kanisani humwuliza Yusta, mke wa Longinus, "Mgeni wenu hajambo?"

Jumamosi wiki mbili zilizopita, Gasper hakugeuka njia panda. Alimkuta Yusta uani akipukuchua maharage. Longinus alikuwa shambani. Gasper hakukaa. Alifungua daftari akasema maneno yake yote, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Yusta aliendelea kupukuchua. Maharage yalidondoka kwenye ungo.

"Yule aliyekuwa analia," akasema mwishoni. "Akianguka matopeni. Ndiye mwenye mtoto?"

"Ndiye, dada Yusta."

"Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimcheka mpaka Longinus akaniambia nitazaa humuhumu." Aliusukuma ungo mbali. "Nilimcheka, kaka Gasper. Nikiwa na mtoto tumboni."

Wakati huo binti mwenyewe aliingia uani na dumu dogo la maji kichwani. Ana miaka sita. Alimwamkia mgeni, akatua dumu, akasimama kusikiliza.

"Huwa unacheza ule mchezo wa Sayunda?" Gasper alimwuliza. Anasema hajui kwa nini aliuliza.

"Ego," mtoto alikubali kwa Kiha. "Lakini mimi sipigwagi. Mimi ndiye Sayunda wa kweli. Wanapigwa wengine."

Yusta alimtuma mtoto ndani. Kisha alimweleza Gasper kilichokuwa kikimsumbua hata kabla hajafika. Mwalimu Brighton, anayeandikisha watoto wa darasa la kwanza kwa ajili ya Januari, alikuwa amefika na daftari lake. Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo jina litakaloandikwa shuleni ndilo litakalomfuata. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na Mzee Nestori, aliyepita miaka themanini, amepungua sana tangu masika, kikohozi hakimwachi.

"Akiondoka na lile jina, limekwenda," Yusta alisema. "Longinus kumwendea anaona haya. Mimi kumwendea naona haya. Wewe ndiye uliyesema yale maneno, kaka. Nenda ukaseme na mengine."

Jumatatu yake Yusta alikwenda shuleni. Mwalimu Brighton, mtu wa Tanga, anasema hajawahi kupokea ombi kama lile. "Aliniambia, andika jina la baba, andika jina la ukoo, hapo mbele paache wazi. Nikamwambia mama, mtoto hana jina? Akasema, analo, liko kwa babu yake." Mwalimu ameuacha mstari huo. Bado siku saba.

Jumanne hii Gasper alikwenda kwa Mzee Nestori. Alimkuta nyuma ya nyumba akichimba gogo la mzinga wa nyuki kwa tezo, akipumzika kila baada ya mapigo machache.

"Mwakeye, mzee," alimwamkia.

Mzee aliitikia bila kuinua macho. Gasper alisema maneno yake amesimama, kofia mkononi. Tezo haikusimama. Alipomaliza, mzee alipuliza vumbi la mti kutoka ndani ya gogo.

"Kwa hiyo mwizi ulimpa jina."

"Nilimpa, baba."

"Na mwenye mtoto ulimpa lipi?"

"Nilimwita mchawi."

"Hilo si jina, hilo ni tusi. Nakuuliza jina lake. Mwanamke alizaa, akaibiwa, akatafuta. Aliitwa nani kwao?"

Gasper alifungua daftari. Alipekua kurasa zote alizoandikiwa na Polycarpe, CD nane, huku mzee akisubiri. Kote humo watu wanamwita "yule mama" tu. Katika miaka sita, wala yeye, wala banda lililojaa watu sitini, hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Hapa sijui, baba," akasema.

Mzee Nestori alikohoa, akakaa juu ya gogo mpaka kikohozi kikapita.

"Basi kalijue," akasema. "Ukilijua, uje unitajie. Uje na Longinus, na mkewe, na mgeni wao. La kwangu nitalitoa baada ya hilo. Siwezi kulitoa juu ya mtu ambaye mmemnyang'anya mtoto halafu mkamnyima na jina."

Aliichukua tezo. Gasper alipofika kwenye uzio, mzee alimwita tena.

"Na usinitungie," akasema.

Ndiyo maana Ijumaa hii, ndani ya banda la mabati, Gasper anaitafsiri upya tamthilia ileile mbele ya watu walewale. Amefika CD ya tisa, na karatasi za Polycarpe zimeishia ya nane. Ya tisa anaitafsiri kwa vipande alivyoandikiwa haraka na dereva aliyepokea maelezo ya Polycarpe kwa simu, na vipande hivyo havitoshi.

Kwenye televisheni yule mwanamke anaanguka matopeni. Zamani hapa ndipo palipokuwa na kicheko kikubwa kuliko vyote. Kijana mmoja anaanza kucheka kwa mazoea, kisha anasikia yuko peke yake, anakohoa.

"Anasema, 'Mmemwona? Amevaa kofia ya manjano,'" Gasper anatafsiri. Sauti ya kukwaruza haitumii. Anasema kwa sauti yake mwenyewe.

Mama mwenye mtoto mgongoni, yule aliyeuliza habari za mchawi, amemshusha mtoto na kumpakata. "Ah," anasema kwa sauti ndogo. "Na sisi tulikuwa tunacheka hapahapa."

Picha inayofuata inamwonyesha mwanamke akiwa ameketi mbele ya askari mwenye kalamu. Askari anauliza kitu. Mwanamke anajibu neno moja, na askari anaandika. Gasper anarudisha nyuma. Anasikiliza tena, sikio karibu na spika. Anarudisha mara ya tatu.

"Anamtajia jina lake, fundi," anasema kijana wa bodaboda. Safari hii hana kejeli. "Anaandikisha. Si anataja jina?"

"Nadhani ndilo."

"Kwani amesemaje?"

Gasper anainamisha kichwa. Sauti ameisikia, lakini sauti alizisikia na zamani. "Sijui hapa," anasema. "Kesho naenda Nyarugusu. Louise na mumewe wanayo ya Kifaransa. Nitamwomba Louise aniambie yeye mwenyewe, kama atakubali kusema na mimi."

"Watu wamelipa, Gasper," Bi Mwajabu anakumbusha kutoka mlangoni. "Malizia."

"Jumapili nitamalizia. Waliopo leo waingie bure."

Bi Mwajabu anasonya, lakini anachukua kipande cha chaki na kuanza kuandika mlangoni majina ya waliopo, asije akadanganywa na wengine.

Watu wanatoka, wengine wakinung'unika. Ni saa kumi na moja, jua bado liko juu ya paa za soko. Gasper ana mipango mingi mbele yake: basi la kwanza la asubuhi, nauli aliyokwisha iweka kwenye mfuko wa shati, safari ya Kitahana Jumatatu, na baada ya hapo CD kumi na tano zilizobaki, ambazo anataka kuzisema zote upya, hata kama watabaki watu watano. Anatumaini mzee atakuwapo. Anatumaini mwalimu atavumilia. Kuhusu kina Sayunda wengine, anasema wazazi wao ndio watakaoamua, yeye amekwisha amua mengi mno.

CD ya tisa haitoi kwenye deki. Anafunua daftari ukurasa mpya, anaandika juu yake kwa herufi kubwa: MAMA WA MTOTO. Anapiga mstari mmoja chini ya maneno hayo na kuuacha wazi. Kisha anatoka nje kuzima jenereta.